Geukeni Ukutani
Fundi wetu wa kompyuta hagusi kipanya. Anasema ni cha wavivu. Leo anatuwekea kivinjari kwenye kompyuta ya Linux, na majina ya watahiniwa lazima yatumwe kabla ya saa sita. Amekunja mikono ya shati, ameandika amri kwenye dirisha jeusi, mashine ikadai nywila. "Geukeni ukutani." Tunageuka sote, mwalimu mkuu akiwemo. Tunasikia jina la mke wa fundi likinong'onwa herufi kwa herufi, maana vidole vyake havisogei mdomo ukinyamaza. Mashine inakataa. Ananong'ona tena, inakataa tena, na saa sita hiyoo. Mama wa mapokezi anaguna, uso ukutani.

"Mwanangu, leo umesahau mwaka uliooa."

Kisha mwalimu mkuu, bila kugeuka, anamtajia.