Kipande cha Sukari Nguru

Daktari aliniambia nipunguze uzito polepole. Mimi, kwa kiburi changu, nikaamua kukata chakula mara moja. Asubuhi ile nilijidunga insulini kiasi kilekile cha siku zote, nikanywa chai kavu, kisha nikaenda soko la Rangwe kutafuta omena, dagaa wa ziwani.

Jua lilikuwa jeupe mno. Katikati ya soko sauti za watu zikaanza kwenda mbali, kama zinatoka chini ya maji. Mafungu ya nyanya yalielea hewani, nami nikayatazama bila hofu yoyote, nikihisi kwamba hatimaye nimekuwa mwepesi, mwepesi kama nilivyokuwa nikiomba.

Kilichonirudisha ni utamu mdomoni. Nilikuwa nimeketi chini, nimeegemea goti la mama anayeuza sukari nguru. Huyo ndiye niliyekuwa nikimpita kila siku ya soko bila hata salamu, kana kwamba harufu ya meza yake ingeninenepesha.

"Tafuna, nyathina, mwanangu," aliniambia, kama mtu anayembembeleza mwanawe.

Badala ya kushukuru, nikakasirika. Nikamwambia kwa ulimi mzito kwamba mimi ni mgonjwa wa sukari, na kitu hicho nimekatazwa.

"Najua," akasema, akinimegea kipande kingine. "Mume wangu pia alikuwa anajidunga. Siku sukari ilipomshuka akaanguka hivi, alikuwa peke yake nyumbani. Mimi nilikuwa hapa, nauza hii."