Mtemi Mwenye Hereni

Jambo la mwisho la kawaida tulilofanya na marehemu mke wangu lilikuwa kutazama tamthilia ya mtawala wa jadi, mtemi wa zama za misafara ya biashara. Juzi, kwa kinyozi hapa Tabora, tamthilia hiyo ilikuwa kwenye runinga, nikaona mtemi mpya ni mwanamke.

"Mtemi gani anavaa hereni?" aliuliza kinyozi, akiinyooshea runinga mashine ya kunyolea.

"Kaka, neno 'mtemi' halina ndevu," alijibu mama aliyekuwa akisubiri zamu.

Kinyozi aliwaza. "Basi hereni avue."

Tulicheka. Nikabaki nikijiuliza kama neno "msimamizi" nalo lina ndevu, maana shemeji zangu walitaka msimamizi wa mirathi ya dada yao awe mwanangu wa kiume, ingawa binti yetu ndiye mkubwa. Asubuhi iliyofuata niliwapigia simu, nikawatajia binti kuwa ndiye msimamizi kabla hawajamaliza kunisalimu.