Nanga ya Mlango wa Kushoto

Miaka ya tisini nilinunua mnadani gari kuukuu la jeshi la majini, ili nibebee samaki kutoka gati la Liwatoni. Lilikuwa la kijivu, lina namba nyeupe kwenye boneti na nanga iliyochorwa mlango wa kushoto. Pale Tononoka askari wa trafiki akanisimamisha.

"Mama, futa alama hizi zote. Ni za jeshi."

Kijivu chao hata sikukipenda. Nikakifunika kwa manjano. Namba nikaifuta. Nanga nikaiacha.

Aliponisimamisha tena akafoka, "Na hii nanga je?"

"Mwanangu, babu yangu alikuwa akitia nanga Liwatoni kabla jeshi la majini halijazaliwa. Wao waliiazima tu."

Akaniamuru nirudi nyumbani nikaushughulikie mlango. Nikaushughulikia. Jioni ile nilichora nanga ya pili, mlango wa kulia.