Nilikata sofa ya Kiitaliano kwa msumeno mbele ya mama mkwe

Wakuu, mko salama?

Leo nimeamua kufungua roho. Wako wawili watatu wa mtaa wetu wa Matisi humu ambao wakisoma watajua ni nani anaongea. Sawa tu. Nikiongeza chumvi mahali, aliyekuwepo siku hiyo aje anisute hapa hapa.

Mimi ni fundi wa fanicha, hapa Kitale. Wazazi wangu walitoka Nyeri wakaja kulima mahindi Trans-Nzoia, nami nikazaliwa huku. Natengeneza vitanda, kabati, milango, na nikibanwa sana hata jeneza.

Mchumba wangu anaitwa Nekesa. Ni muuguzi kule Lugulu, Bungoma. Mbukusu halisi, na mama yake anauza ndizi soko la Chwele.

Sasa, ugonjwa wangu ulianzia kwa simu.

Nilikuwa natafuta design ya meza ya TV, nikaangukia picha za fanicha za Italia. Wakuu, chai yangu ilipoa nikiangalia. Sofa moja ndefu yenye kona, imelala chini karibu na sakafu, haina miguu, haina mikono, rangi ya maziwa. Ukuta mweupe. Taa moja imeinama. Hakuna kalenda, hakuna kabati la vikombe, hakuna kitambaa hata kimoja.

Kisha nikainua macho nikaona sebule yangu mwenyewe.

Viti vya mbao, mito ya maua, na juu ya kila kiti kitambaa ambacho mama yangu alishona kwa mkono wake nilipomaliza kujenga. Nikaona aibu. Ndiyo, niliona aibu kwa vitambaa vya mama yangu, na ninaandika hivi ili Mungu aone nimekiri.

Nikapiga screenshot. Wiki hiyo hiyo viti vyote, vigoda, stuli na vitambaa vikapakiwa kwa pickup vikarudi kwa mama yangu shambani. Mama akauliza kama nimehama. Nikamwambia hapana mama, hii inaitwa minimalist.

Akasema, "Na wageni watakaa kwa hiyo minimalist?"

Nilicheka sana. Kumbukeni hapo nilipocheka.

Sofa niliijengea ndani ya nyumba kwa sababu haingepita mlangoni. Fremu ya saipresi, kipande kimoja kutoka ukuta huu hadi ule, halafu kona. Sponji nzito. Kitambaa cheupe kama cha bibi harusi. Kwenye picha niliona mistari mitatu hivi kwenye sofa, nikajua ni mishono tu, nikaishona vizuri kabisa. Watu tisa wanakaa bila kugusana.

Sikumwonyesha Nekesa. Nilitaka iwe surprise.

Maana yeye alikuwa analeta watu. Watu wa kwao walikuwa wanakuja kuona boma, na wakiridhika, tarehe ya harusi inatolewa siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimengoja siku hiyo miaka miwili. Mara shangazi mgonjwa, mara mahindi bado shambani, mara mzee fulani hajapona mguu. Nikiharibu, sijui ningengoja mingine mingapi, na Nekesa alishaniambia mama yake hana tabia ya kurudi nyumba mara mbili kuangalia kitu alichokikataa.

Nekesa alinipa somo moja kwa simu.

"Mama usimsalimie na mkono. Kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani. Na usimkazie macho."

Hiyo nikaishika kama amri za Musa.

Siku ikafika. Dada yangu yuko jikoni na kuku. Probox ikasimama nje, wakashuka wanne. Nekesa mwenyewe. Mzee Wafula, baba yake mdogo, maana babake alishatangulia. Shangazi yake, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya. Na nyuma kabisa, mama mkwe, leso kiunoni, jogoo mzima kwapani, uso umeangalia ua wa jirani.

"Mulembe! Mulembe!"

Nikaitikia. Mikono nimeifunga nyuma, macho chini. Nikajiona mimi ni Mbukusu wa kupewa cheti.

Mzee Wafula akaingia wa kwanza. Akaiangalia sofa, akaizunguka, akauliza, "Hii ni kiti ama ni kitanda?"

"Ni design ya Italia, mzee. Karibu ukae."

Mzee akaanza kushuka. Akashuka, akashuka, na njia ikawa haiishi. Alipofika, magoti yake yalikuwa karibu na masikio na kofia imemfunika macho. Shangazi akakaa kando yake, sponji ikainuka upande wa mzee, kofia ikaanguka.

Mama mkwe akabaki mlangoni.

Mimi nikafikiri anaogopa kuchafua ile rangi nyeupe. Akina mama wa soko wana heshima na kitambaa safi. Kwa hivyo, wakuu, ili kumtoa wasiwasi, nikajitupa kwa sofa mimi mwenyewe, katikati kabisa, nikaruka ruka kidogo aone ilivyo laini.

Halafu nikapiga piga hapo kando yangu na mkono.

"Karibu mama, kaa hapa karibu na mimi."

Shangazi akaziba mdomo na leso. Mzee Wafula akaanza kusoma dari. Mama mkwe akageuka, akaonyesha mgongo nyumba yote. Hata jogoo aliacha kulalamika.

Nekesa akanishika shati akanivuta hadi jikoni.

"Umefanya nini? Mama hawezi kaa kiti moja na mkwe! Hata kama umetoka, hiyo ni kiti yako, umekaa hapo akiona!"

"Hukuniambia!"

"Kila nyumba iko na kiti ya mtu mmoja! Nani angefikiria fundi wa viti hana kiti?"

Dada yangu akatumwa kuomba kiti. Jirani wa kulia amefunga nyumba. Wa kushoto ana viti vya plastiki, lakini vilienda matangani tangu jana na havijarudi. Kwa karakana yangu kulikuwa na vitanda viwili, kabati, na jeneza la mteja. Wazo la jeneza lilinijia, ninakiri. Nililifukuza kabla halijakaa.

Kurudi sebuleni, mama bado amesimama. Safari nzima alikuwa amebanwa kwa Probox, na sasa alikuwa amehamisha uzito kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Shangazi akamwambia kitu kwa Kibukusu, akajibu kifupi. Nekesa akanitafsiria polepole, macho yamejaa maji.

"Anasema ni sawa. Amezoea kusimama sokoni."

Hapo ndipo iliniuma. Huyu mama amesimama Chwele jua na mvua akisomesha binti yake mpaka akawa muuguzi. Siku moja tu amekuja kwa nyumba ya fundi wa viti, na anasimama.

Shangazi akajikohoza. "Sasa kijana, mgeni akikosa mahali pa kukaa si hata chakula haimezeki? Boma tumeona. Labda turudi tu, tutakuja siku ingine."

Nilijua hiyo siku nyingine haipo.

Sijui nilifikiria nini. Nafikiri sikufikiria. Sanduku langu la vifaa lilikuwa nyuma ya mlango. Nikatoa kisu na msumeno.

"Mzee, naomba usimame."

Mzee Wafula akajaribu. Akashindwa. Akajaribu tena. Ikabidi mimi mkono mmoja na Nekesa mkono mwingine, tukamng'oa kama muhogo.

Nikapima kwa jicho, mwisho kabisa wa sofa karibu na dirisha, mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kukaa. Hata mimi. Hilo nililitangaza kwa sauti: "Hapa sijawahi kaa! Haki ya Mungu!"

Nikapasua kile kitambaa cheupe. Roho ililia. Wiki tatu za kazi. Nikashika msumeno nikaanza kukata fremu, sponji inaruka kila mahali, vumbi la mbao linaangukia viatu vya shangazi. Nekesa akapiga magoti akashikilia upande wa pili, na nguo yake mpya. Mzee Wafula, aliposikia mbao ikilia, alisema, "Kijana anajua kushika msumeno."

Kipande kikatoka.

Upande mmoja kiliyumba, kwa hivyo nikaleta mawe ya kujengea kutoka nje nikakiinua. Kikawa juu kuliko sofa yenyewe. Nikakisogeza hadi upande wa pili wa chumba, nikakigeuza kiangalie dirisha, Nekesa akatandika leso juu. Halafu nikatoka nje nikasimama na yule jogoo, ambaye sasa alikuwa amefungwa kwa mti.

Nikangoja.

Nikasikia kicheko cha shangazi, kile cha kwaya. Nekesa akaniita.

Mama mkwe alikuwa amekaa. Wima, miguu imefika chini vizuri, mikono juu ya magoti kama askofu. Na mzee Wafula amekaa kwa mkeka wa dada yangu, amekataa kabisa kurudi kwa sofa.

Mama akaongea, akiangalia dirisha, akimwambia binti yake, na mimi nimesimama hatua tatu tu kutoka hapo.

"Mwambie fundi hii sasa ndiyo kiti. Hiyo ingine ni ya watu wavivu." Akanyoosha leso kiunoni. "Na umwambie nimeona amekata kitu yake kwa ajili yangu."

Nekesa akageuka kunitafsiria ingawa ilikuwa Kiswahili. Akashindwa, akacheka huku analia.

Tulikula. Kuku aliisha. Mzee Wafula akatoa tarehe: mahindi yakishaingia ghalani.

Usiku huo sikulala vizuri kwa furaha, asubuhi nikafungua tena ile screenshot. Nikaikuza, nikaikuza. Ile mistari niliyodhani ni mishono?

Ilikuwa nafasi. Sofa ya wenyewe haikuwa kipande kimoja. Ni vipande vinne, kila kimoja kinajisimamia, unavitenganisha na kuvipanga upendavyo. Kumbe Waitaliano nao wana mama wakwe.

Sasa ndivyo ninavyovitengeneza. Modular, na kipande kimoja lazima kiwe na miguu mirefu. Wateja wa Bungoma wananielewa kabla sijamaliza sentensi.

Funzo langu ni dogo. Kabla ya kuiga sebule ya watu, uliza kwanza ni akina nani watakaa kwako. Picha haikuonyeshi wageni wako.

Juzi Nekesa alirudi kutoka Chwele na bahasha ya mama yake. Ndani kuna kitambaa alichoshona kwa mkono, kijani na rangi ya chungwa, maua makubwa, kimepimwa sawasawa na kile kiti cha mawe. Kimetandikwa juu ya kiti hicho, hapo katikati ya sebule yangu nyeupe, na hakuna anayekalia.

Jumamosi naenda shambani kwa mama yangu kuomba vile vitambaa vyake nilivyomrudishia.

Haya wakuu, mliooa Bungoma, huyu mama mkwe mnamkalisha wapi? Mnicheke pole pole, nina harusi ya kupanga.