Kelele Nilizozifuta

Baada ya kutazama video mbili za mafunzo nilijiita mhandisi wa sauti. Tulikuwa tunaandaa podikasti kuhusu siku volkano ilipotufukuza mjini Goma, na kwa kuwa kompyuta ilikuwa yangu, kuhariri kukawa kwangu. Wa kwanza kusimulia alikuwa mama. Alikubali kwa sharti moja: isikike mbali, maana pengine kaka yangu yuko hai mahali fulani.

Kaka alichukuliwa na waasi kwenye barabara ya Kibati, mwaka mmoja kabla ya volkano. Tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani kwetu Mabanga. Mji ulikuwa ukibadilisha watawala kila mara, na huwezi kujua jirani yupi anampelekea nani maneno. Basi kila hadithi ilipomfikia kaka, mama aligonga meza mara mbili, akaendelea. Nilikua na sauti ile mpaka nikaacha kuisikia.

Programu haikuacha. Kwenye skrini zile ngo-ngo zilisimama kama miiba, mbilimbili, zikiitia doa kazi yangu. Nikazifuta zote, pamoja na jenereta ya jirani na chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, zinazokwaruza mawe. Goma nzima ikanyamaza, jambo ambalo hakuna jeshi lililowahi kuliweza. Nikahifadhi juu ya rekodi ya kwanza, kwa kuwa nafasi kwenye kompyuta ilikuwa ndogo na kiburi changu kikubwa.

Mama alivaa vipokea sauti, akasikiliza akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alipofika pale alipoacha mlango wazi, lava ikija, ili anayerudi asikute kufuli, mkono wake ukainuka. Ukasubiri. Kisha ukagonga meza peke yake.

“Mutoto wangu iko fasi gani?”

“Mama, nilifuta makelele tu.”

Hakunigombeza, na heri angenigombeza. Niliona aibu mpaka nikashindwa kumtazama. Alisogeza simu ya kurekodia karibu na mdomo wake.

“Tuanze tena. Na jina, mashini yako inaweza kulifuta?”

“Hapana, mama.”

Akasimulia upya tangu mwanzo. Alipofika mlangoni, mikono ikabaki mapajani. Akalitaja jina la kaka yangu kwa nguvu, dirisha likiwa wazi, kama anayemwita mtoto aje kula.

Jenereta ya jirani inasikika yote. Sijaigusa.