Muti Tuliokatazwa Kupanda

Ukitoka Nchelenge ukafuata kando ya ziwa, utaona ngazi, ile michikichi ya mafuta mekundu, imejipanga mupaka macho yachoke. Wageni wanafikiri Mungu aliiweka pale siku ya kwanza. Bure kabisa. Ilitoka ng'ambo, Congo, mu vitambaa vya wamama. Hata mihogo na miembe ililetwa na watu, na kila mahali ilipoota, watu waliacha kuhamahama. Hapa kwetu muti uliopandwa ndio shahidi kwamba shamba ni lako. Ndiyo maana sisi tulikatazwa kuupanda.

Tulihamia hapa wakati maji yalipopanda na kumeza kambi yetu ya samaki kule Chisenga. Baba yangu ni mutu wa ng'ambo, hana ukoo upande huu. Mama muzee mumoja, tuliyemuita bamama kama Wabemba wanavyomuita bibi, alituazima kipande cha shamba lake. Sharti alilitoa kwa Kiswahili chake cha soko ya samaki.

"Karanga, mupande. Maharagi, mupande. Muti, hapana. Mutu akipanda muti amepanda nyumba, na kaka zangu watanikula mimi."

Basi tukakaa mu nyumba ya udongo na nyasi, mwaka juu ya mwaka, kama watu wanaongoja gari. Mama alitamani nyumba ya matofali hata usingizini. Lakini nani atachoma matofali mahali anapoweza kufukuzwa kesho?

Na shida ilikuwa hii: mama alikamua mafuta ya ngazi kwa kuuza, na kokwa zilizoanguka kabla ya kupikwa ziliota kila mvua iliponyesha. Nyuma ya jiko, kando ya choo, hata kwa njia. Kazi ya kung'oa ilikuwa yangu, na niliichukia. Wenzangu wanapanda, mimi nang'oa. Nilimuambia mama ipo siku tutang'oa hata nywele zetu. Hakucheka. Niliona anaogopa, nikarudi kung'oa.

Asubuhi moja bamama alikuja kutusalimia, akazunguka nyuma ya kibanda cha kuogea. Kulikuwa na ngazi moja iliyonipita macho. Maji ya kuoga yalikuwa yameinenepesha, imefika kwa goti. Mama akapiga magoti, si kwa salamu, akaishika kwa mikono miwili akavuta. Mizizi ikakataa.

"Nani alipanda?"

"Hakuna mutu, bamama. Ilijiotea tu." Mama alivuta tena. "Tunaing'oa sasa hivi."

Bamama alimuangalia akivuta. Halafu akasema mama yake mwenyewe alifika hapa na kokwa mu kitambaa, mugeni kama sisi, kabla ya kuolewa na mwenye shamba hili, na wenye inchi walimulazimisha kuzing'oa zote zilipoota.

"Nilimusaidia kung'oa," akasema. "Nilikuwa mutoto kama huyu wako."

Akaniomba jembe. Mugongo wake ulikuwa mubaya, lakini alikataa nimusaidie. Akavuta udongo, akaukusanya kwa shina la ile ngazi, akaukanyaga kwa muguu.

"Kaka zangu wakiuliza, muwaambie nimepanda mimi. Tena nimepanda kwa nyumba yenu."

Mama akaketi mu matope, akalia. Jua lilikuwa halijapanda vizuri, na baba, aliyesikia yote, alikuwa tayari anachimba udongo wa matofali.