Kifuko cha Kaniki Ndani ya Ngoma

Niliondoka nyumbani Kanyenye, Tabora, kwa sababu ya tundu. Jumapili moja, katikati ya wimbo wa sadaka, ngozi ya ngoma ya kwaya yetu ilipasuka, na kupitia tundu lile kikadondoka kifuko cheusi cha kaniki, ukubwa wake kama kokwa ya embe dogo, kimeshonwa pande zote. Hakuna aliyekiokota. Wimbo uliendelea kwa kinanda peke yake, waimbaji wakikikwepa kwa miguu kama wanaruka dimbwi. Nilikuwa mstari wa mbele. Nikakifunika kwa leso, nikakitia mkobani, maana ngoma ile ilikuwa ya marehemu mume wangu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mwoga. Naogopa radi, naogopa simu inayoita alfajiri, naogopa hata paka wakigombana juu ya bati. Mume wangu hakuwa hivyo. Ndiye aliyeileta ngoma, akaipiga kanisani hadi alipougua, na kila aliyemsifu alimjibu kwa tabasamu, "Ngoma ya Maganga ina kitu ndani." Tulidhani ni utani wake. Alikufa kwa ugonjwa wa figo, nilimuuguza mwenyewe na karatasi za hospitali ninazo. Lakini baada ya Jumapili ile mwanakwaya mwenzangu alinivuta pembeni akaniuliza kama nina hakika ni figo. Tangu hapo sikulala vizuri. Wazee wa kanisa walitaka ngoma ichomwe, nikawaomba wangoje kwanza nimwone aliyeichonga. Nilitaka kumwuliza huyo Maganga ameweka nini mle, na kama ndicho kilichoniondolea mume.

Mtaniuliza kwa nini sikukifungua. Mimi ni fundi cherehani, kufumua mishono ndiyo kazi yangu, na wembe haukosi mkobani. Jibu nimeshalitoa hapo juu.

Jumatano, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda basi dogo la kwenda Nzega, ngoma nimeifunga ndani ya gunia, gunia nimelizungushia kitenge. Kondakta alilipiga kofi kidogo, likaitika. "Mama umebeba mtu?" akauliza. Abiria wakacheka. Mimi nilitazama dirishani mpaka nyumba za mjini zilipokwisha.

Isikizya nilishuka nikiwa na njaa, na hapo ndipo nilipofanya kosa la safari hii. Nilikaa kwa mama lishe mmoja mkarimu, nikaagiza chai na vitumbua. Akaniuliza nakwenda wapi na gunia kubwa hivyo. Mwoga akipata mtu wa kumsikiliza husema kupita kiasi. Nikamweleza yote, jina la Maganga nikalitaja, kisha nikatoa leso na kukifunua kile kifuko mezani, katikati ya vikombe.

Mezani tulikuwa watu watano. Waliobaki baada ya hapo ni mimi na mama lishe. Kijana wa pembeni alitoka nje na simu sikioni.

"Mama, kifunike," mama lishe akasema polepole. "Hujasikia? Kule anakoishi huyo mzee Jumamosi wanaingia rambaramba."

Nilikuwa nimewasikia. Ni watu wanaopita vijijini wakidai wanafukua uchawi. Wanacheza, wanachimba, wanainua pembe na chupa kutoka uani kwa mtu, na baada ya hapo mwenye ua ule hana maisha tena pale. Mara nyingi ni kikongwe. Kuna vikongwe ambao hawakupewa hata nafasi ya kuhama.

"Watu wanamsema Maganga muda mrefu, ila hawakuwa na cha kushika mkononi," akaendelea. "Sasa wewe umewaletea."

Aliondoa kikombe changu, akakiweka chini ya meza, mbali na vingine. Nikafikiri nirudi Tabora, na ningerudi, lakini ile simu ilikuwa imeshatangulia na mimi ndiye niliyeituma.

Saa nne nilipata pikipiki. Dereva aliitwa Shija, mtu mzima mwenye watoto watatu, mwendo wake wa taratibu. Tuliiacha lami tukashika njia ya mashariki, ile ambayo wapagazi wa zamani walipita na meno ya tembo vichwani. Siku hizi ni njia ya ng'ombe na mkaa. Miombo ilikuwa imepukutika, na kila kisiki nilikiona kama mtu aliyechuchumaa.

Shija alimjua Maganga kama watu wa kule wote wanavyomjua, nusu kwa sifa, nusu kwa chuki. Baba yake Shija alikuwa katika kikundi cha ngoma kilichoshinda mashindano miaka mingi. Vikundi vilitoka mpaka Choma kuja kungoja zamu ya kununua kwake. Ngoma ya Maganga ina kitu, walisema, ukiipiga wapinzani wako miguu inakuwa mizito.

"Alisema nani hivyo?" nikauliza.

"Mwenyewe. Alijisifu sana huyo mzee. Halafu mkali, fundi gani asiye na mwanafunzi? Wote aliwafukuza. Shule yetu aliiuzia ngoma tatu, zikapasuka mbao kabla ya mwaka. Siku hizi harusi ni spika tu, hakuna anayekwenda kwake. Ila ile sifa ya dawa haikufa. Mtoto akifa kijijini, ng'ombe akifa, ni Maganga. Sasa wanasema ni mkewe."

"Kwa nini mkewe?"

"Si ana macho mekundu."

Kijiji chenyewe sitakitaja, na mkifika mwisho mtaona kwa nini. Kabla ya nyumba ya kwanza Shija alizima pikipiki. Akasema yeye anaishia hapo, ila atanisubiri. Niliweka gunia kichwani nikaenda peke yangu. Watu walikuwa wamesimama milangoni. Niliwasalimu, wachache wakaitika. Hakuna aliyeuliza natafuta nani.

Mchana, kwa Mzee Maganga, kitu cha kwanza nilichokiona ni ngoma. Zilipangwa ukutani tangu kubwa hadi ndogo, nyingine zimeingiwa na mchwa, kuku mmoja ametagia ndani ya isiyowambwa. Katikati ya ua palifuka moshi chini ya ngozi iliyotundikwa, na mwanamke mzee aliinamia moshi ule akiikwangua manyoya kwa kisu butu. Huyu alikuwa mkewe, Bibi Nyamizi. Macho yake yalikuwa mekundu kweli. Nilisimama pale muda mfupi tu, na yangu yakaanza kuwasha na kutoa machozi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mwadila," akanisalimu tena kwa lugha ya kwao. "Karibu, ukae upande huu, upepo unapeleka moshi kule."

Mzee alitoka na tezo mkononi. Mkono ulitetemeka hivi kwamba nilishangaa anapataje kuchonga. Hakunikaribisha. Aliivua ngoma gunia, akaipindua, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu.

"Ngozi hii niliiwamba kwa ajili ya mtu wa Kanyenye. Mrefu. Anacheka cheka."

"Alikuwa mume wangu. Amefariki." Kisha nikamwekea kifuko mbele yake. "Baba, humu mna nini?"

Hakukigusa. "Kifuko kikifunguliwa, ngoma imekufa."

"Nakuomba. Watu wanasema ndicho kilichomwua."

"Watu," akasema, akageuka kurudi ndani.

Saa nane walifika. Sikuwasikia wakija. Nilipoinua uso walikuwa wamesimama kuzunguka ua wote, wanaume kwa wanawake, na mbele yao mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye adabu ambaye hakujua aweke wapi mikono yake.

"Mama," akaniambia, "tumepigiwa simu kutoka Isikizya. Tumesikia umekuja na kitu."

Kifuko kilikuwa pale juu ya kigoda, kila mtu anakiona. Sauti moja nyuma ikasema, "Jumamosi ya nini tena? Si hiki hapa." Wengine wakaguna. Na nikaona jambo ambalo mpaka leo likinijia nasimamisha cherehani. Hawakumtazama Mzee Maganga. Walimtazama Bibi Nyamizi, aliyeendelea kukwangua ngozi bila kuinua kichwa, ila kisu kilikuwa kinapita mahali pale pale.

Mzee naye aliliona. Alisimama mlangoni, mdomo ukicheza, na nilielewa kwamba alikuwa amejiandaa kuogopwa yeye. Hilo asingelikataa. La mkewe hakuwa amelifikiria.

"Fundi," akaniambia. Sijui alijuaje kazi yangu, labda kwa vidole. "Kifumue."

Nilitoa wembe. Niliwaza, kama mzee huyu amesema uongo, kama mle mna ukucha au nywele au kitu cha maiti, basi ni mimi ninayemwua mama huyu, kwa wembe wangu, mchana kweupe. Nilimwomba Mungu kwa maneno ambayo hayakuwa na mpangilio. Mishono ilikuwa midogo na imenyooka, kazi ya mkono wa mwanamke mwenye subira. Nikakata wa kwanza. Watu wakarudi nyuma hatua moja. Nikakata mingine, nikafungua kaniki juu ya kiganja.

Ilikuwa mbegu ya mninga. Kavu, nyepesi, haina hata vumbi la kitu kingine. Nikaikunguta kaniki, nikaigeuza nje ndani, nikazunguka nayo ua mzima nikimwonyesha kila mtu.

"Ni mbegu," Mzee Maganga akasema. "Ngoma zangu zote. Mke wangu anashona, mimi natia. Nilianza kwa kuuheshimu mti, ngoma iwe na mbegu ya mti wake. Mkaja nyinyi, mkasema Maganga anatia dawa. Nikaona ngoma zinagombaniwa, nikanyamaza. Baadaye nikasema ndiyo, ni dawa. Nimewadanganya tangu ujana wangu mpaka leo."

Hapakuwa na aliyecheka. Mzee mmoja wa rika lake alijitokeza, na alionekana ameumia hasa.

"Basi sisi tulishinda kwa nini?"

"Mlijua kupiga."

"Na ngoma za shule?"

"Mbao mbichi. Nilikuwa na haraka. Hilo pia ni kosa langu."

Mwenyekiti aliwaambia watu warudi makwao, wakaondoka mmoja mmoja, polepole, kama waliotoka msibani kabla ya chakula. Mzee Maganga alikaa chini pale pale mlangoni. Jina lilikuwa ndilo alilobaki nalo, na alikuwa amelitoa mbele ya watu bila mtu kumpa pole.

Kabla sijaaga nilimkumbusha swali langu la mume wangu.

"Yeye nilimwambia," akajibu. "Alirudi siku moja kuuliza, anaogopa kuliko wewe. Nikamwambia ni mbegu. Akacheka mpaka akakaa chini. Akasema niache watu waendelee hivyo hivyo, wataiheshimu ngoma."

Nililia hapo, na sikusingizia moshi. Nilikuwa nimeishi naye miaka yote nikidhani mwoga nyumbani ni mmoja.

Jioni nilirudi na Shija, bila ngoma, kwa sababu mzee alibaki nayo aiwambe upya, na ngozi mpya huhitaji siku za kukauka. Bibi Nyamizi alinisindikiza hadi kwenye ukingo wa ua, akanishika mikono yote miwili. Njia nzima nilikuwa nageuka kutazama kama kuna moshi mkubwa nyuma yetu.

Baada ya wiki mbili Shija aliniletea ngoma mpaka mlangoni. Nilimkaribisha chai, nikachelewa kuuliza, halafu nikauliza. Rambaramba walikuja Jumamosi ile kama walivyoahidi. Kwa Mzee Maganga walipita wakicheza, hawakuingia.

"Mungu mkubwa," nikasema.

"Walichimba nyumba ya tatu kutoka pale," Shija akasema. "Kwa mjane mmoja. Ameondoka. Hatujui amekwenda wapi."

Nilidhani nimekwenda kuuondoa woga kwa kuonyesha ukweli. Nilichojifunza ni kwamba kijiji kile kiliamini mbegu, kikaupeleka woga wake nyumba ya tatu. Jina la yule mjane silijui. Simu iliyotoka Isikizya haikumtaja, lakini kila ninapouhesabu mwendo wa mambo unaanzia kwenye meza ile, na leso yangu, na mdomo wangu.

Jumapili tuliipiga ngoma. Imewambwa vizuri kuliko mwanzo, sauti yake ilifika hadi barabarani. Niliwaeleza wazee wa kanisa na wanakwaya kisa chote, nikawaonyesha ile mbegu niliyorudi nayo, wakaipitisha mkono kwa mkono wakicheka. Ibada ilipokwisha hakuna aliyetaka kuibeba ngoma kwenda kuihifadhi. Nikaibeba mimi.

Nilipoitua nyumbani iliinama kidogo, na ndani yake kitu kikabingirika. Kidogo, chepesi. Mzee amerudishia kifuko kingine. Najua ni nini. Nimekiona cha kwanza kwa macho yangu, na mbegu yake iko kwenye droo ya cherehani pamoja na nyembe. Kila usiku nauhamishia mkeka wangu chumba cha pili, mbali na ngoma.